Mwili Wangu Ulibaki Salamabila

Kama unaamka wakati wenzako wanapakua chakula cha mchana, na usiku unatazama mbao za paa mpaka jogoo wawike, basi niliyoandika hapa ni ya kwako. Mimi si muganga. Niliishia darasa la sita, na mengine nimejifunza kwenye benchi ya kituo cha afya. Sasa hivi nimepona kiasi cha kuweza kusimulia bila kulia, na kuna mambo ambayo nikiyakumbuka nacheka peke yangu.

Naitwa Zaina, wa Kabambare. Nikiwa na miaka kumi na nane nilimfuata shangazi yangu huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Yeye alikuwa na meza ya chakula karibu na mashimo. Kuna wachimbaji wanaoshuka jioni na kutoka alfajiri, na mtu akitoka shimoni anataka wali na maharage ya moto, hataki kuambiwa ni saa ngapi. Basi sisi tulipika usiku. Tulianza jua likizama, tukalala jua likishapanda, ndani ya nyumba ya turubai, kitambaa machoni. Nilikaa hivyo miaka miwili na nusu, na sitasema uongo, nilipenda. Usiku wa pale una muziki na vituko. Nilikuwa nakoroga sufuria huku naota restora yangu mwenyewe, nachagua rangi ya viti.

Saidi alinikuta kwenye meza ile. Alikuja kuuza nyaya za simu. Alikula wali wetu siku tatu mfululizo, ya nne akamwuliza shangazi baba yangu anakaa wapi. Tulioana Kabambare mwezi wa Shaabani, kisha nikapandishwa pikipiki mpaka Kasongo, nyumbani kwa mama yake, kuwa mtoto wa nyumba ile.

Sasa sikilizeni kosa letu. Wiki mbili baada ya mimi kufika, Ramadhani iliingia. Mwili wangu ulikuwa bado unafuata saa za machimbo, na katika mwezi ule saa za machimbo ndizo zilizotakiwa. Daku sikuamshwa hata siku moja; mimi ndiye niliyeamsha watu. Saa tisa ya usiku uji uko tayari, samaki amepashwa moto, maji ya kutawadha yana uvuguvugu. Mchana nyumba nzima imelegea kwa saumu, kila mtu kajilaza pembeni, na mimi nalala. Nani ataona?

Mama mkwe wangu, Mama Mariamu, alitembeza sifa zangu avenyi nzima, mtaa wote.

"Saidi ameniletea dhahabu ya Salamabila yenyewe," aliwaambia majirani. "Mi naamka, maji iko tayari, tena ya moto! Mukwe wa hivi mumeona wapi?"

Hata mimi niliamini. Kumbe mwezi mtukufu ulikuwa umeuvika ugonjwa wangu nguo nzuri.

Idi ikapita. Nyumba ikarudia saa zake: alfajiri swala, kufagia uwanja, kuchota maji, halafu shamba kabla jua halijawa kali. Waliniita. Wakanitikisa. Asha, dada ya bwana wangu, akanimwagia maji usoni. Wanasema nilikaa, nikajibu "ndiyo", nikalala tena nikiwa nimekaa vilevile. Mimi sikumbuki. Niliamka mwenyewe saa tano ya mchana. Uwanja umefagiwa, sufuria zimeoshwa, hakuna anayenitazama.

"Bibi harusi ameamka," alisema Asha. "Leteni ngoma."

Ikawa hivyo kesho yake, na keshokutwa, na mwezi wote. Niliapa kila jioni. Nililala mapema, saa mbili, kama watu. Usingizi haukuja. Ulikuja saa kumi ya usiku, kama mfanyakazi anayejua zamu yake, na ukinishika haukuniachia mpaka saa tano. Mwili ukaanza kubadilika. Usiku wa manane njaa inaniuma, asubuhi harufu ya chai inanitapisha. Hedhi yangu ikapoteza hesabu. Nilikonda mpaka pete ikawa inaanguka kwenye beseni nikifua. Nikilazimishwa kuamka alfajiri, mikono inatetemeka, na watu wanaongea kama wako upande wa pili wa mto.

Mtu mvivu anajua ni mvivu. Mimi nilikuwa nataka kuamka kuliko kitu chochote, na sikuweza. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka mlijue.

Mama Mariamu alinihurumia kwa namna yake. Alisema usingizi ule ni deni la machimbo, ukilipwa wote utaisha. Akachukua blanketi nene akaliziba dirisha la chumba chetu, kila asubuhi akaketi mlangoni kuzuia watoto wasipige kelele. Na Saidi, mchana akiwa na shughuli zake, jioni alinipa kazi niliyoiweza. Alikuwa na kibanda cha kuchaji simu mbele ya nyumba, na ampule kubwa nyeupe inayowashwa na betri za jua. Hakuna taa nyingine kama ile pale avenyi. Yeye analala saa tatu, mimi ninakaa chini ya ampule mpaka saa saba ya usiku, nagawa simu, nachora meza na viti vya restora kwenye karatasi. Nilikuwa na furaha pale. Ni saa pekee ambazo nilionekana mtu wa maana.

Kwa hiyo mmoja alinizibia asubuhi, mwingine akaniwashia usiku, na wote wawili walifanya kwa kunipenda.

Jirani mmoja ndiye aliyeleta neno baya. Alimwuliza Asha, na Asha akalirudia mezani: "Mutu asiyelala usiku anaenda wapi? Na kama mwili iko nyumbani, roho iko wapi?" Hakuna aliyetamka uchawi. Lakini tangu siku ile watoto wa nyumba walikatazwa kula nilichopika jioni.

Ndipo Baba Mdogo Salumu, mdogo wa marehemu baba mkwe, alipokata shauri. Alituma ujumbe Kabambare kwa mwendesha pikipiki: baba yangu aje mvua za kwanza zikishaanguka, tukae, tusikilizane, na kama bado niko hivi, anichukue. Kiangazi kilikuwa kinaanza. Nilikuwa na kama miezi mitatu.

Nilifanya upumbavu nikamwendea muuza dawa wa sokoni. Alinipa vidonge vidogo vyeupe, akasema hata tembo analala. Nililala, ni kweli. Ila asubuhi sikuwa nimeamka hata nilipokuwa nimesimama. Siku ya nne niliinama kugeuza maharage, nikaanguka na sufuria, mguu wangu wa kushoto ukaungua mpaka kwenye kifundo. Wiki mbili nilitembea kwa kisigino. Ndugu yangu, usinunue usingizi sokoni.

Kidonda ndicho kilichonipeleka kituo cha afya, na huko nikakuta timu ya ugonjwa wa malale, ule unaoletwa na mbung'o. Wamekuja kupima watu. Mama Mariamu aliposikia, macho yalimng'aa.

"Njo ile! Ndiyo yenyewe!" alisema. "Malale! Analala muchana, usiku iko macho. Hata babu yangu alikufa nayo. Zaina, kama ni malale, haiko kosa yako, na dawa iko."

Wote tulitamani niwe na malale. Fikiria familia inaomba Mungu mtoto wao akutwe na ugonjwa wa kuua, ili asiwe mvivu wala mchawi.

Tuliingia foleni saa moja asubuhi. Mama Mariamu alinikokota mpaka pale, akanipa kijikaratasi chenye namba, akaenda kutafuta maji ya kunywa. Benchi imejaa, watoto wenye homa, mzee mmoja anakohoa ndani ya kofia yake. Mimi nikalala. Nimeambiwa namba yangu iliitwa mara tatu. Mara ya tatu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapaza sauti:

"Muganga, huyu amekuja na ugonjwa yake yote, hakuacha kitu nyumbani!"

Benchi nzima ikacheka. Nilipofumbua macho, muganga wa kituo alikuwa amechuchumaa mbele yangu, amenishika kifundo cha mkono. Ni mwanamke mfupi, Mama Esperansi. Hakuwa anacheka.

Walinitoboa kidole, wakanipapasa shingo kutafuta vinundu. Tulisubiri mpaka mchana. Jibu likaja: damu safi. Mama Mariamu alikaa chini kama mtu aliyefiwa.

"Sasa nitasema nini nyumbani?" aliuliza.

"Utasema waniachie siku kumi na nne," Mama Esperansi alijibu. Akanipa kaye, daftari ndogo ya shule. "Kila siku uandike: umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi. Usijikaze, usidanganye. Usimuandikie mama mkwe, niandikie mimi."

Niliandika. Tuliporudi, alipitisha kidole kwenye kurasa, akaniuliza kwanza kazi ya zamani, halafu dirisha, halafu jioni. Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Mama, tazama. Saa kumi, saa tano. Saa kumi, saa tano. Huyu mutoto iko na usingizi muzuri kuliko wa kwangu mimi. Masaa saba kamili kila siku. Iko tu mahali pabaya. Ni kama saa ya ukutani inayotembea vizuri lakini iko nyuma."

"Si tuisukume mbele?"

"Tutaisukuma. Polepole. Na kitu kinachoisukuma ni mwanga. Nani alifunga dirisha?"

Mama Mariamu alitengeneza mtandio wake mara mbili.

"Mi nilifunga," alisema. "Nilitaka apumzike."

"Najua," alisema muganga. "Sasa utafungua."

Njia nzima ya kurudi alitembea mbele, haraka haraka. Niliogopa. Tulipofika aliingia chumbani, akang'oa blanketi pamoja na misumari yake, akatoka nalo begani.

"Kesho," alisema, "weye ni wangu."

Masharti yalikuwa hivi. Nisiamshwe alfajiri kwa nguvu, hapo mwanzo nisijaribu hata. Niamke saa yangu ileile ya tano, lakini nikishaamka nitoke nje papo hapo, nikae kwenye mwanga saa nzima bila mtandio wa kuziba uso. Baada ya siku nne, niamke nusu saa mapema. Baada ya siku nne nyingine, nusu saa tena. Jua likizama, nisikae kwenye ampule wala nisiguse simu. Kibatari kidogo kinatosha. Chai ya rangi mwisho adhuhuri. Na hakuna sikukuu: Ijumaa, Jumapili, harusi, msiba, saa ni ileile.

Saidi ndiye aliyepata shida. "Taa njo inaleta watu," alilalamika. "Nikifunga saa moja, si nitakufa njaa?"

"Ufe," alisema mama yake. "Ao ukae mwenyewe kwenye taa."

Akakaa mwenyewe. Baada ya wiki alikuwa na macho mekundu kama yangu, akaanza kufunga saa moja bila kuambiwa. Sala ya alfajiri ilinisumbua roho pia, maana nilikuwa naikosa kila siku. Saidi alikwenda kumwuliza shehe wa msikiti wetu, akarudi na jibu kwamba niswali ninapoamka, aliyelala hana lawama. Niliswali saa ile ya tano nikiwa nimelia. Yalikuwa machozi mazuri.

Asubuhi zile, nikiziita asubuhi, Mama Mariamu alinikalisha uani na ungo wa mchele, tunachagua mawe. Mimi nasinzia, yeye ananifinya paja. Kiangazi kimekauka, vumbi la barabara linaning'inia, moshi wa mashamba yanayochomwa. Ananisimulia. Nilijua kwamba naye aliletwa bibi harusi kwenye nyumba hii, na kwamba mama mkwe wake hakumpenda kwa sababu hakuwa wa mji. Nilijua kwamba alizaa watoto wanane na walibaki watatu. Mambo haya hakuwahi kumwambia Asha. Saa yangu iliposogea hadi saa mbili, tukaacha ungo tukaanza kutembea, mpaka kwenye mteremko wa shamba na kurudi. Yeye mbele, mimi nyuma, ameshika ncha ya kitenge changu kama anavuta mbuzi.

"Watu wanatucheka, mama," nilimwambia.

"Wacheke. Wakicheka wameamka. Weye je?"

Mwili uliitikia kabla ya akili. Harufu ya chai ikaacha kunitapisha. Siku moja nilisikia njaa saa moja ya asubuhi, nikashtuka kama nimeguswa na mtu. Pete ikakaa kidoleni. Miezi miwili ilipokwisha nilikuwa naamka saa kumi na mbili na nusu, nalala saa tano ya usiku, na kaye imejaa. Watoto wakarudi kula chakula changu.

Halafu nikaharibu mwenyewe. Binti mmoja wa ukoo aliolewa, ngoma siku mbili. Nilikuwa nimezuiwa. Lakini mimi napenda ngoma, na nilijiona nimepona. Nilicheza usiku wa kwanza mpaka alfajiri, usiku wa pili vilevile, chini ya taa za jenereta. Siku ya tatu niliamka saa tano. Siku ya nne saa tano. Miezi miwili ya jasho, na mwili ulirudi kwenye machimbo kama mtu aliyesahau mfuko. Baba Mdogo Salumu alipita siku hiyo ya nne, akasimama mlangoni akaniona nimelala na mdomo wazi. Hakunitikisa. Aliondoka tu. Na jioni ile mvua ya kwanza ikaanguka.

Nilimwambia Mama Mariamu kwamba nitafunga valisi yangu ya nguo mwenyewe.

"Funga," alisema. "Lakini kesho saa nne na nusu niko mulangoni."

Tulianza upya. Mama Esperansi alituambia safari ya pili huwa nyepesi, mwili unakumbuka njia, na kwamba hata chini ya mawingu mwanga wa nje unashinda wa ndani. Tulitembea kwenye manyunyu, jani la mgomba kichwani, usoni maji. Ilikwenda haraka kweli. Lakini baba naye alikuwa njiani.

Alifika jioni moja, siku ya pili tangu atoke Kabambare, matope mpaka kiunoni, maana pikipiki ilikuwa imekwama na walilala njiani bila kulala. Kikao kikawekwa kesho yake asubuhi. Mimi siku hiyo niliamka saa moja na nusu. Si vibaya kwa mgonjwa, lakini kwa mke wa nyumba ile ni aibu, na uwanja alikuwa ameshaufagia Asha. Nilikuta wamekwisha kaa kwenye mikeka.

Baba Mdogo hakuzunguka. "Mukwe wangu, mutoto wako haiko mubaya. Adabu iko. Lakini tulimuoa kwa siku nzima, hatukumuoa kuanzia saa moja na nusu. Leo mwenyewe umeona."

Wote wakamgeukia baba yangu ajibu. Baba alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea ukuta, mikono imetulia kwenye magoti, anakoroma taratibu kama maji yanayoanza kuchemka.

Asha aliziba mdomo, haikusaidia. Kicheko kikamshika Saidi, kikamfika hata Baba Mdogo, aliyejifanya anakohoa. Mama Mariamu peke yake hakucheka. Alimtazama baba, akasema bila kupaza sauti:

"Huyu amelala kwa sababu njia ilimunyima usiku. Hakuna anayemwita muvivu. Zaina naye, machimbo ilikula usiku wake miaka miwili na nusu, na sisi tulitaka aurudishe kwa siku tatu." Akamgeukia shemeji yake. "Shemeji, mi siku zote naamka mbele ya watu wa hapa. Miaka yote natembea hii asubuhi peke yangu. Sasa nimezoea mwenzangu. Atakuja saa moja na nusu, atakuja saa kumi na mbili, mi nitamungoja."

Baba Mdogo alikuna kidevu. Alisema basi, kama mwenye nyumba amesema, yeye ni nani. Akaomba tu nisicheze tena ngoma mpaka alfajiri, nikaahidi, na hilo ndilo gumu kuliko yote.

Baba alizinduka wakati wa chai. Alifuta mate, akatazama nyuso zote, akaona valisi yangu imesimama karibu na mlango.

"Samahani, wakwe zangu," alisema. "Tumefika wapi? Nitarudi naye?"

Mama Mariamu alimsogezea kikombe.

"Utarudi na salamu," alisema.